Kope zimevimba, na chupa inasema haina sumu

"Shikamoo mwalimu. Natengeneza heleni, vishikio vya funguo na visinia vidogo kwa resini ya epoksi, huu ni mwezi wa nne. Nafanyia chumbani kwangu Mbagala, usiku mwanangu akishalala. Chupa imeandikwa haina harufu na haina sumu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Wiki tatu hizi vidole vinawasha na kutoa vipele vya maji, na asubuhi naamka kope zimevimba. Navaa glovu zile za nailoni za kwenye vibanda vya chipsi. Mtu kaniambia ninunue barakoa nzuri, itaisha. Je, ni resini kweli au ni sabuni? Na kaka yangu anataka tuhamie resini ya fibaglasi kwa sababu bei yake ni nafuu. Unatushauri nini?"

Marahaba, binti yangu. Kabla ya yote: acha kumimina leo. Najua una oda, na najua mteja wa heleni hana subira, lakini kila siku unayoongeza sasa hivi inaweza kukugharimu kazi hii moja kwa moja. Mimi siioni ngozi yako kutoka hapa, na wa kuthibitisha ni daktari, ila hadithi uliyonisimulia nimeisikia kwa mafundi wengi mno kiasi kwamba ungeishia kwenye neno "kope" ningeimalizia mwenyewe.

Epoksi ni chupa mbili. Moja ni resini, nyingine ni hadna, ambayo kwa kawaida ni kemikali za jamii ya amini. Kila moja ikiwa peke yake ni majimaji ya molekuli ndogo zenye ncha zinazotafuta pa kushika. Ukizichanganya zinashikana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa kitu kimoja kigumu, ile bangili inayong'aa. Lakini kabla hazijamaliza kushikana, ncha zile hazichagui. Zikikuta protini za ngozi yako nazo zinashika. Hapo kinga ya mwili inaona kitu kigeni na kukiandika, kama mangi wa dukani anavyoandika deni: leo kidogo, kesho kidogo, hakuna anayekugombeza. Siku daftari likijaa, tone dogo tu linatosha kukuvimbisha uso mzima. Kuna anayefika hapo kwa wiki chache, kuna anayechukua miaka, na hakuna njia ya kujua mapema wewe uko kundi gani. Kilicho hakika ni kwamba mwili ukishaandika, haufuti.

Kinachowapoteza watu ni muda. Aleji ya aina hii haiji palepale kama pilipili machoni. Huja baada ya siku moja hadi tatu. Unamimina Jumamosi usiku, unawashwa Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku uliyofua, basi lawama zote zinaenda kwa sabuni. Kuna fundi mmoja alibadilisha sabuni, mafuta ya kujipaka, akaacha na dagaa, miezi mitano, huku anaendelea kufuta epoksi kwa vidole vitupu.

Na kwa nini kope, wakati kope hukuzigusisha resini? Kumbuka usiku wako ulivyo. Chumba kina joto, jasho linatiririka, unalifuta kwa mgongo wa mkono wenye glovu. Simu inaita, au unataka kupiga picha ya rangi inavyotawanyika, unaishika. Kesho asubuhi simu ileile iko shavuni. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko karibu zote mwilini, ndiyo inayosema kwanza. Tena mvuke wa hadna unaweza kuifikia kope bila hata kuguswa, hasa mchanganyiko ukiwa moto. Chukua kitambaa chenye maji ya sabuni ufute kifuniko cha kila chupa, kitasa cha mlango, swichi, simu na ukingo wa meza. Popote kitambaa kinaponasa, au ukiona ute unaong'aa, hapo ndipo umekuwa ukigusa kila siku bila glovu.

Nenda kliniki ya ngozi. Kuna kipimo cha kubandika: wanaweka kiasi kidogo sana cha vitu mbalimbali kwenye vibandiko mgongoni, wanavitoa baada ya siku mbili, kisha wanakuangalia tena siku zinazofuata. Resini ya epoksi imo katika orodha ya kawaida ya kipimo hicho, kwa sababu inasumbua watu dunia nzima. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi, RDTC. Hadna ni nyingi na hazifanani, kwa hiyo piga picha lebo za chupa zote mbili uende nazo. Ukisema tu "resini" daktari hana pa kuanzia. Na kama kifua kinabana au unakohoa kila unapomimina, hilo halisubiri miadi.

Sasa hiyo lebo. "Haina harufu" ni kweli, na ndiyo hatari yake. Resini ya epoksi haitoi mvuke mwingi kwenye joto la kawaida, kwa hiyo pua haikuonyi. Pua si kipimo. "Haina sumu" mara nyingi huwa inazungumzia kitu kilichokwisha kuganda kabisa, au kwamba hutakufa ukifuata maelekezo, na kuganda kabisa ni suala la siku, mara nyingi kama saba, hata kama kipande kimekuwa kigumu asubuhi yake. Geuza chupa utafute alama ya msimbo H317. Maana yake ni "inaweza kusababisha aleji ya ngozi". H314 ni "inaunguza ngozi na macho", na utaikuta zaidi kwenye hadna. H334 ni aleji ya njia ya hewa. Kama chupa haina msimbo wowote wala jina la kemikali, ni kimiminika tu cha duka na maneno matamu. Muulize muuzaji karatasi ya taarifa za usalama, ile yenye vipengele 16. Soma cha 2 kinachosema hatari, na cha 8 kinachosema uvae nini. Muuzaji asiyeweza kukupa hata kwa simu, mimi sinunui kwake.

Kwa barakoa, aliyekushauri hakukosea kabisa, ila kaanzia mwisho. Kwa epoksi, mlango mkubwa ni ngozi. Zile glovu za chipsi zimetengenezwa ili kachumbari isiguse mikono ya muuzaji. Zimeunganishwa pembeni kwa joto, mshono unavuja, na zinapwaya kiasi kwamba resini inaingia kwa juu na kukaa ndani pamoja na jasho. Hapo ni afadhali hata mikono mitupu, maana ungeiona ukanawa. Za lateksi, zile nyeupe za hospitali, nazo si za kazi hii. Resini na hadna huzipenya, na lateksi yenyewe ina aleji yake. Nunua za nitrili, mara nyingi ni za bluu au nyeusi, zinazokaa sawasawa kidoleni. Chukulia kila moja ni ya mara moja. Ikichafuka, inatoka, haisubiri uchanganye rangi ya mwisho. Usioshe, usigeuze, usianike dirishani kwa ajili ya kesho.

Namna ya kuivua ina umuhimu kuliko namna ya kuivaa. Bana glovu ya kushoto kwa nje, karibu na kifundo, uivute mpaka igeuke ndani nje, uikunje kwenye kiganja cha kulia. Kisha ingiza kidole kitupu cha kushoto chini ya glovu ya kulia, upande ulio safi, uivute iimeze ile ya kwanza. Unabaki na kifurushi kimoja chenye uchafu wote ndani. Jizoeze na glovu zilizopakwa rangi ya chakula. Ukimaliza na doa jekundu mkononi, bado hujajua. Nimewafundisha vijana hivyo na karibu wote walishindwa mara ya kwanza, nikiwemo mimi mbele yao.

Resini ikigusa ngozi, usikimbilie thina, spiriti wala asetoni. Najua ndivyo mafundi wote wanavyofanya. Thina inaiyeyusha resini, inaitawanya, inaondoa mafuta yanayoilinda ngozi, kisha inaisaidia kuingia. Unaona mkono umekuwa safi kumbe umeipa lifti. Futa kwanza kwa karatasi kavu, halafu sabuni na maji mengi. Asetoni unayosafishia vyombo nayo inapenya nitrili nyembamba ndani ya dakika chache, kwa hiyo ukiimwagia glovu, ivue papo hapo. Ikiingia jichoni, iwe resini au hadna, maji safi yanayotiririka dakika 15 kwa saa ya ukutani, si kwa kukadiria, kisha hospitali.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza ila linawahusu wateja wako. Je, una vipande vinavyobaki vinanata? Kwenye epoksi, kuongeza hadna hakuharakishi kitu. Uwiano ukikosewa, sehemu iliyozidi haipati mwenza, inabaki hai ndani ya kipande. Heleni inayonata ni epoksi mbichi inayoning'inia sikioni mwa mtu. Soma kama uwiano wako ni wa ujazo au wa uzito, kwa sababu resini ni nzito kuliko hadna na vipimo hivyo viwili havibadilishani. Mizani ndogo ya jikoni inatosha, lakini isirudi jikoni. Koroga ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Kinachonata hakiuzwi, hata kama rangi imekubali.

Na joto letu hili. Maelezo ya chupa yanayosema una dakika 40 yamepimwa kwenye nyuzi 20 na kitu. Kwa kanuni ya kukadiria, kila nyuzi 10 zinapoongezeka, mwendo wa kuganda huwa karibu mara mbili. Dar mwezi wa Februari mchana ni nyuzi 32 bila kuuliza, kwa hiyo dakika zako 40 ni 20 na kidogo. Epoksi inapoganda inatoa joto, na ikiwa nyingi ndani ya kikombe kirefu joto halina pa kutokea, linazidi kujiongeza lenyewe. Nimeona kikombe cha plastiki chenye nusu lita kikianza kutoa moshi, kikalegea, kikajimwaga juu ya meza kikiwa na joto la kuunguza. Changanya kidogo kidogo, na ukishachanganya mimina mara moja kwenye kalibu, usikiache kikombe kikisubiri. Resini za kupaka juu zinataka tabaka la milimita chache. Ukitaka kitu kinene nunua ile iliyotengenezwa kwa kumimina kina kirefu. Kikombe kikianza kuchemka usikishike kwa mkono mtupu wala usikifunike. Kikiwa bado kinabebeka, kisukume juu ya kipande cha bati ukitoe nje, ukimwage kitandazike kwenye mchanga, usimame upande upepo unakotoka.

Chumbani, binti yangu, hapana. Vipande vinavyoganda usiku visilale chumba kimoja na mtoto. Feni ya dari inazungusha hewa ileile, kiyoyozi kadhalika. Unataka hewa iingie huku itoke kule: baraza, au chumba chenye madirisha pande mbili, na feni ya kusimama imewekwa dirishani ikitazama nje ili isukume hewa itoke. Masika unyevu ukiwa mwingi utaona utando kama nta juu ya kipande. Huo ni hadna iliyokutana na unyevu na hewa. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ukiwa na glovu. Usiupige msasa ukawa vumbi.

Vumbi nalo lina hadithi yake. Kipande cha siku moja ukikipiga msasa, unapeperusha resini ambayo haijamaliza kuganda. Subiri siku zilizoandikwa, kisha tumia msasa wa maji. Tope halipandi puani. Hapa ndipo barakoa ya vumbi, ile ya N95 au FFP2, inafanya kazi. Kama mtaingia kwenye meza za mbao na resini, jueni kwamba vumbi la mvule linajulikana kwa kuleta pumu na muwasho, na vumbi la mbao kwa ujumla limewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Fundi seremala anayesema "nimezoea" amezoea kukohoa.

Kwa mvuke, barakoa ya kitambaa na ya hospitali hazizuii chochote, hata N95. Unahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa. Kwa mfumo wa Ulaya tafuta herufi A na mstari wa kahawia, na ikiwa na mstari mweupe wenye P basi inachuja na vumbi. Ziba vichujio kwa viganja uvute pumzi: barakoa inyonye uso, isivujishe pembeni. Mwenye ndevu haizibi, hata akiikaza vipi. Ukimaliza, hifadhi vichujio ndani ya mfuko uliofungwa, maana mkaa unaendelea kunyonya hewa hata ukiwa umening'inizwa msumarini.

Nakuja kwa kaka yako. Resini ya fibaglasi ni poliesta, mnyama mwingine kabisa. Karibu theluthi hadi nusu yake ni staireni, ile harufu kali ya karakana za boti. IARC iliipandisha staireni mwaka 2018 hadi kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mvuke wake unaweza kuwaka kimiminika kikifika nyuzi 31 hivi, yaani joto la kawaida la mchana Mbagala. Ukiwa na jiko la mkaa la jirani anayekaanga maandazi upande wa pili wa ukuta, hiyo si karakana. Na wale wanaopitisha moto wa gesi juu ya resini kuondoa viputo, kwenye poliesta wasijaribu.

Lakini ninachokiogopa zaidi ni vile vichupa viwili vinavyouzwa nayo. Kimoja ni kichocheo, MEKP, cheupe kama maji, kinachotiwa asilimia 1 hadi 2. Kingine, kama resini haijachanganywa nacho tayari, ni kobalti, kina rangi ya zambarau. Hivi viwili havikutani peke yake hata tone. Kila kimoja huingia kwenye resini kwa zamu: kobalti kwanza, ikorogwe mpaka iishe kabisa, ndipo kichocheo. Vikikutana moja kwa moja vinaweza kulipuka. Tone la MEKP jichoni linaweza kuchukua jicho. Na maduka yetu yanaipima kwenye chupa za maji ya kunywa! Mwambie kaka yako, akinunua hivyo, asivuke mlango wa nyumba yenye mtoto nayo. Nilipokuwa kijana kwenye karakana moja ya boti, tuliacha matambara yenye kichocheo ndani ya ndoo ya takataka jioni, na mlinzi ndiye aliyeamka usiku kuona moshi. Hakuna aliyekuwa amewasha kitu. Matambara ya aina hiyo huloweshwa maji na kukaa nje.

Kuna poliyurethani ya kumimina pia, inayoganda kwa dakika chache, ambayo watu wanaisifia. Ina kemikali ziitwazo isosayaneti, inaleta pumu, na inadhuru kabla hujaisikia harufu. Iacheni. Na resini ya taa, inayogandishwa kwa mwanga wa UV, usidhani ndiyo kimbilio la aleji yako. Kemikali zake, akrilati, ni jamaa wa zile za kucha za jeli, ambazo zimewatia wapaka kucha na wateja wao aleji kila kona, na zinapenya nitrili nyembamba haraka.

Mabaki usimwage kwenye sinki wala mtaroni. Acha yagande ndani ya kikombe, nje ya nyumba, kisha yatupwe yakiwa jiwe.

Umeniuliza kimoyomoyo kama utarudi kazini. Kipimo kikisema si aleji bali ni ngozi iliyochubuliwa na thina na jasho, utapona na utarudi, kwa glovu nilizokuambia na barazani. Kikisema ni aleji ya epoksi, usimimine tena, hata kwa glovu mbili. Kipande kilichoganda kabisa kwa kawaida hakisumbui, kwa hiyo kubuni, kupachika ndoano za heleni, kufunga na kuuza unaweza kubaki navyo, na kumimina akafanya mwingine aliyesoma barua hii kabla hajafungua chupa. Kwa sasa andika kwenye karatasi tarehe ulizomimina wiki hizi tatu na tarehe ulizovimba, umpelekee daktari pamoja na zile picha za lebo.